Nilifuta matusi kwa kalamu, darasa likampa mwenzao jina la mbwa

Yaya, dada yetu mkubwa wa kujibu barua, jambo. Pole na kazi.

Mimi ni msichana wa mwaka wa mwisho, ninasomea ualimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi, na kwa sasa niko kwenye staji, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari. Nimepewa darasa la nne la humanite, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya fasihi. Ni vijana wakubwa, wengine nadhani wananizidi umri, na siku ya kwanza walinipima kama walimu wote wanavyopimwa.

Mwalimu wangu mwongozi alinichagulia madondoo mawili ya mwandishi Joseph Conrad, kutoka kile kitabu cha safari ya mto ambacho sisi tunakisoma kwa Kifaransa kwa jina la Au cœur des ténèbres. Dondoo la kwanza ni la nahodha anayempiga mzee wa kijiji kwa sababu ya kuku wawili. La pili ni la mchochea moto, yule Mwafrika anayelinda boila ya meli huku msimulizi Mzungu akimtazama. Nilipomwonyesha fotokopi, mwongozi alipitisha macho haraka akasema: "Haya maneno, nègre na sauvage, sitaki yasikike darasani kwangu. Yafute, andika mtu mweusi." Nilikaa usiku na kalamu nyeusi nikayafuta moja moja, kisha nikatoa nakala za darasa zima kwa pesa yangu.

Dondoo la kwanza lilipita salama. La pili nilimpa msichana mmoja asome kwa sauti. Alipofika pale msimulizi anaposema kwamba kumtazama yule mchochea moto ni kama kumtazama mbwa aliyevalishwa kaputula na kofia ya manyoya, anatembea kwa miguu ya nyuma, darasa lilicheka. Kuna kijana mmoja pale, mrefu, mwembamba, mweusi sana, na suruali yake ya shule imemwishia juu ya kifundo cha mguu kwa sababu amekua na nyumbani hawajanunua nyingine. Sauti ikatoka nyuma: "Ni yee njo imbwa ya kaputula!" Yaya, walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Mimi nilikuwa naangalia saa. Fishi yangu, ule mpango wa somo, ilisema tuingie kwenye maswali, nikaingia kwenye maswali.

Wiki iliyofuata jina lilikuwa limefika uani, hata watoto wa madarasa ya chini wanalijua. Kisha kijana akaacha kuja. Mama yake, anayeuza samaki wakavu sokoni, alikuja kwa prefe, mkuu wa shule, na prefe akaniita: "Wewe stajieri ndiye uliyeleta hapa kitabu kinachomwita mtoto wa watu mbwa?" Mwongozi wangu alikuwa ameketi palepale. Aliangalia daftari lake. Hakusema kwamba dondoo alilichagua yeye.

Sasa nina wiki mbili za kutoa ripoti ya staji, na huyohuyo mwongozi ndiye anayenipa pointi. Rafiki yangu ananiambia habari hiyo nisiiandike kabisa, niandike kama wengine wanavyoandika. Anasema pia vitabu vya namna hii tuwaachie wenyewe, kwa nini tulipe fotokopi ili tutukanwe? Mjomba wangu naye anacheka, anasema wao walisoma mabaya zaidi na hawakufa. Nilikosea kufundisha dondoo hilo? Au nilikosea kutofuta zaidi? Na ripoti niandike nini? Na huyu kijana, nifanye nini juu yake?

Stajieri wa Katuba

* * *

Mdogo wangu,

Nianze na kijana, maana kwenye barua yako umemweka mwisho. Ripoti yako inaweza kuchelewa. Yeye yuko mwaka wa mtihani wa Serikali, na kila siku anayokaa nyumbani kuna somo analolikosa ambalo hakuna atakayemrudishia.

Mwombe prefe ruhusa ya kwenda kwao. Wewe ni stajieri, usifike mlangoni kwa mzazi kwa siri. Nenda na mtu mzima wa shule, ikiwezekana mwalimu wa kike ambaye mama huyo anaweza kumsikiliza, na mwende saa ambayo ameshatoka sokoni. Mkifika, usianze na Conrad. Mama hana haja ya kujua Conrad alikuwa nani wala Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, alisema nini juu yake. Mwambie kwamba jina lile lilizaliwa katika somo lako, kwamba ulilisikia na somo likaendelea, na kwamba umekuja kwa sababu unataka mwanawe arudi. Kijana akiwa hapo, mwambie hivyohivyo na yeye. Usimwombe awasamehe wenzake, hiyo si kazi yake. Na siku atakayorudi, tafadhali, asisimamishwe mbele ya darasa zima ili waimbe "tunaomba radhi" kwa sauti moja. Hapo utakuwa umempa jina la pili. Yule aliyetamka kwanza unamjua au utamjua kwa urahisi. Mchukue peke yake, nje, uzungumze naye kama mtu mkubwa. Mara nyingi vijana wa namna hiyo wanasema kitu ili wachekeshe wenzao, na wanashtuka kilipofika.

Suala la suruali nalo usiliseme wewe. Kama yule mwalimu mtakayekwenda naye ana busara, ataona mwenyewe na shule itatafuta njia bila kelele.

Sasa kalamu yako nyeusi.

Maneno mawili uliyoyafuta hayakumgusa mtu. Kilichomtoa mtoto shuleni ni sentensi uliyoiacha, na uliiacha kwa sababu ukiipekua neno kwa neno huoni tusi. Mbwa, kaputula, kofia: maneno ya sokoni. Mwongozi wako alitafuta maneno yanayojulikana kuwa mabaya, akayapata, akaridhika. Hakusoma sentensi ilikuwa inamfanyia nini yule mtu. Kwa hiyo nikijibu swali lako moja kwa moja: kufuta zaidi kusingesaidia. Ungeanza na mbwa, ungefuata meno yaliyochongwa, ungefuata chale za mashavuni, na mwisho ungebaki na meli tupu inayopanda mto yenyewe.

Wakubwa zetu katika mambo ya vitabu wamekwisha kujaribu njia hiyo. Mchoraji Mbelgiji Hergé alipochora upya kitabu chake cha katuni Tintin au Congo mwaka 1946, aliliondoa lile somo ambalo Tintin anawaambia watoto wa Kikongo habari za "nchi yenu, Ubelgiji", akaweka hesabu ya kujumlisha badala yake. Maneno yalibadilika. Midomo aliyowachorea watu wetu ilibaki ileile. Ndiyo maana mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliyekuwa akiishi Brussels alikipeleka kitabu hicho mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Mabadiliko mengine siyapingi hata kidogo. Mwaka 2020 Wafaransa walibadilisha jina la riwaya moja ya Agatha Christie, kutoka Dix petits nègres hadi Ils étaient dix, wakalitoa neno lile ndani pia. Sioni hasara. Jina la kitabu linakaa dirishani mwa duka na kumtukana hata mpita njia ambaye hakuomba kukifungua, na siri ya hadithi ile haikutegemea neno hilo. Lakini riwaya inayozungumzia Kongo ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala nchi yetu kama mali yake, ukiisafisha kimyakimya, unampa mwanafunzi Mzungu mpole zaidi kuliko yule aliyekuja. Na kimyakimya ndilo neno linaloniudhi. Wanafunzi wako hawakujua kwamba karatasi yao imeguswa.

Kuna njia ya katikati ambayo walimu wa lugha wanaitumia, nawe ungeweza kuitumia bila kumkaidi mwongozi wako. Neno linabaki kwenye karatasi, macho yanaliona, lakini mdomo haulazimiki kulitoa. Kabla ya kusoma unawaambia: humu kuna matusi, mtayaona, mimi sitayatamka na nyinyi pia si lazima. Pia ungesoma wewe mwenyewe. Kumpa msichana wa miaka kumi na saba sentensi ile aitamke mbele ya wenzake bila kumwandaa ni kumtwika mzigo wa mwingine, na nadhani hata yeye aliona aibu, ingawa barua yako haimtaji tena.

Je, ulikosea kufundisha dondoo lenyewe? Hapana. Rafiki yako anayetaka tuwaachie wenyewe ana hasira ya haki, lakini wenyewe ni nani? Mto ni wetu, na boila ile ilichochewa na mtu wetu. Chinua Achebe alilichukua dondoo hilihili la mbwa katika mhadhara wake wa Februari 1975 kule Amherst, Marekani, akalisoma mbele ya wasomi waliozoea kukiheshimu kitabu hicho, akasema waziwazi kwamba aliyekiandika ni mbaguzi. Hadi leo bado wanabishana naye. Lakini miaka mingi baadaye alipoulizwa kama alitaka kipigwe marufuku, alikataa. Alitaka kisomwe kwa macho yaliyofunguka, na kando yake yasomwe maandishi ya Waafrika. Mjomba wako naye, aliyesoma na hakufa, mwulize kwa upole kama kuna mwalimu aliyewahi kumwuliza alijisikiaje.

Turudi kwenye dondoo, maana naona ulikimbia nalo. Msimulizi anasema mtu huyu amefunzwa kwa miezi michache tu. Anaweza kuwasha boila, anakodolea macho kipimo cha mvuke na kipimo cha maji. Halafu msimulizi anatucheshea jinsi alivyofundishwa: eti ndani ya boila kuna pepo mbaya, na maji yakipungua pepo atashikwa na kiu na kulipiza kisasi kibaya. Basi mtu anatoka jasho, anachochea, anakitazama kile kioo cha kipimo kwa hofu.

Ungeuliza darasa la Lubumbashi swali moja tu: maji yakiisha ndani ya boila, nini kinatokea? Huu ni mji uliozaliwa 1910 kwa sababu ya shaba, na tanuru lake lilianza kutoa shaba 1911. Wengi darasani wana babu au baba mkubwa aliyefanya kazi kampuni ya shaba, Union Minière, kisha Gécamines, na hadithi za tanuru wamezila pamoja na bukari. Watakujibu: inapasuka. Kumbe yule wanayemcheka ndiye aliyekuwa amezuia meli isipasuke, yeye na msimulizi wake wote wamo ndani. Kazi aliijua na aliifanya sawasawa. Kama aliyemfunza alimpa habari za pepo badala ya kumweleza mvuke, hapo cheko lielekee wapi? Na tena tunajuaje kwamba aliamini pepo? Tunayo kauli ya msimulizi peke yake. Mchochea moto hasemi neno. Katika kitabu kile chote watu wa mto karibu hawasemi kitu, na pale wanaposema ni vipande viwili vitatu vya Kiingereza kilichovunjika, kimojawapo cha kutangaza kwamba Mzungu amekufa. Waachie wanafunzi dakika ishirini na daftari, kila mmoja aandike ukurasa mmoja ambamo mchochea moto anamweleza mwenzake wa zamu kuhusu yule Mzungu anayemtazama. Utapata kazi za kusoma, na utapata kucheka pia, ila cheko litakuwa limegeuka upande.

Halafu wape hili, ambalo wewe stajieri utalipenda. Mwaka 1890 Conrad alipopanda mto kutoka Kinshasa hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwenye meli iliyoitwa Roi des Belges, hakuwa nahodha. Aliwekwa chini ya nahodha Mdenmark ili ajifunze mto. Alikuwa anajaza daftari: visiwa, mafungu ya mchanga, mahali pa kupakia kuni. Nahodha alipougua ndipo akaishika meli kwa muda mfupi. Kwa maneno yetu, alikuwa kwenye staji. Meli yake ilikuwa na moto, na moto hauna budi kuwa na wa kuuchochea. Aliyejifunza mto akaja kuandika, aliyejifunza boila akaandikwa mbwa. Tofauti yao haikuwa akili. Darasa lako lijadili ilikuwa nini.

Kando ya Conrad weka vitu vya hapa. Hotuba ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960 ina sehemu inayofaa somo la Kifaransa kuliko sarufi yoyote: anakumbusha kejeli, matusi na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni tuliyoyapata kwa sababu tulikuwa nègres, kisha anasema Mweusi alikuwa anaambiwa "tu", si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" iliwekewa Wazungu peke yao. Angalia, neno lilelile mwongozi wako alilokataza limo humo, kinywani mwa Lumumba, mbele ya mfalme wa Wabelgiji. Kalamu yako ingelifuta na hapo? Na kama una picha, tafuta michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1947. Miaka ya sabini alichora historia nzima ya nchi, na mara kwa mara alirudia ile picha ya Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, kiboko hewani, Mzungu anasimamia. Dondoo lako la kuku wawili na picha hiyo vinazungumza vizuri.

Kuna jambo jingine, na watu wa Katanga hatupendi kulikumbushwa. Vijana wako hawakujifunza kwa Conrad kumpachika mwenzao jina la mnyama. Wazazi wao walikuwa hai mwaka 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai walipoitwa bilulu, wadudu, kabla ya kutolewa majumbani mwao hapa, Likasi na Kolwezi, na kulala vituoni wakingoja treni. Neno lilitangulia, mabehewa yakafuata. Hakuna Mzungu aliyelileta neno hilo. Ninakuandikia hili ili ujue kwa nini mimi sicheki na habari ya imbwa ya kaputula, na kwa nini prefe, kama ana umri wa kutosha, huenda alikasirika kuliko ulivyotarajia. Usilipeleke darasani, wewe hujapata uzito wa kuling'oa na kulirudisha mahali pake, na watoto wa pande zote mbili wamekaa benchi moja. Hilo ni la mwalimu mwenyeji wa muda mrefu, tena siku aliyoipanga.

Kuhusu mwongozi wako: ukimya wake mbele ya prefe haukuwa mzuri, sitaupamba. Lakini usimshtaki kwa maandishi. Huna faida nayo, na atabaki kwenye shule ile wakati wewe umeshaondoka. Mfuate akiwa peke yake, baada ya masomo, umwambie: "Mwalimu, ripoti yangu itaeleza lile somo la Conrad na jinsi tulivyoziandaa fotokopi. Ningependa uisome sehemu hiyo kabla sijaitoa." Halafu nyamaza. Umempa nafasi ya kusema kwa heshima kile alichoshindwa kusema kwa prefe. Watu wengi wakipewa mlango huo wanaupita. Akikataa, andika sentensi moja kavu, "kwa kufuata maelekezo niliyopewa, nilifuta maneno fulani", bila kivumishi hata kimoja, na uendelee. Mwombe pia saa moja ya kulirudia somo. Akisema hakuna nafasi kwenye ratiba, iandae fishi yake hata hivyo na uiambatishe mwishoni mwa ripoti.

Ripoti yenyewe sasa. Nimepitia ripoti za staji nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, za walimu, za wahasibu, za wale waliotumwa kampuni za madini wakatoa fotokopi tangu asubuhi hadi jioni. Zote zinaanza na historia ya shule iliyonakiliwa kwa ripoti ya mwaka jana, pamoja na makosa yake ya tarehe. Zinafuata na mchoro wa uongozi. Zinamalizika na "nimejifunza nidhamu, ushirikiano na kuheshimu saa". Jury, jopo la watahini, haisomi hayo, na mkurugenzi wa shule anayetafuta mwalimu hayaamini, kwa sababu hata aliyelala staji nzima ameyaandika. Rafiki yako anataka ujiunge na msururu huo.

Wewe una kitu. Andika kurasa tatu juu ya saa moja tu ya somo. Eleza dondoo lilichaguliwaje, ulifuta nini na kwa nini, darasa lilicheka wapi, jina lilienda wapi, mama alisema nini. Eleza kwamba fishi yako ilikuwa na dakika za kila kitu isipokuwa dakika za kusimama. Hilo la kusimama ndilo chuo hakikuweza kukufundisha: kuiona fishi imekufa mkononi, kuiweka mezani na kushughulika na kilicho mbele yako. Uliingia kwenye maswali kwa sababu uliogopa saa, na kila mwalimu mpya anaiogopa. Waeleze kwamba sasa unajua kusoma dondoo mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mtihani, mara ya pili ukipita benchi kwa benchi kichwani na kujiuliza sentensi hii itamkalia nani. Waeleze ulivyozungumza na mzazi, ulivyomrudia mkubwa wako, ulivyoandaa somo la marudio. Usitumie neno "ujuzi" hata mara moja kama unaweza, watauona wenyewe.

Jury ikikuuliza kwa nini hukuchagua maandishi mengine yasiyo na shida, usijitetee. Waonyeshe fishi ya pili na uwaambie ni dakika ngapi umeweka kabla ya kusoma na ngapi baada ya kusoma. Wakikuuliza kuhusu mwongozi, sema alikupa darasa lake, jambo ambalo si walimu wote wanakubali, na uishie hapo.

Pointi zinaweza kushuka kidogo. Zikishuka, zimeshuka. Ila jina la kijana lisionekane popote kwenye ripoti, wala herufi ya kwanza, wala suruali, wala kazi ya mama yake. Hata hapa kwangu nimebadilisha vitu viwili katika barua yako ili mtu wa shule ile asiwatambue. Jumatatu nenda kwa prefe kwanza, kabla hujafungua kompyuta.

Yaya